Siku Nilipochora Uso wa Babu kwa Kipanya

Sisi tuliokulia Lushoto miaka ile ya soko huria tunajua: mitumba na kompyuta vilipanda mlima pamoja. Asubuhi tulivaa sweta za Ulaya zilizotupwaya hadi magotini, tukatafuna mapea mabichi njiani, na tukitoka shule tukajazana mlangoni kwa Dada Hawa kuishangaa mashine yake. Dada Hawa, binti wa baba mkubwa, alikuwa amesomea kompyuta Tanga, akarudi kufungua duka la kuchapa kadi za harusi. Mimi sikuridhika na mlango. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akanikalisha kitini, akanifundisha kushika kipanya.

Mwaka ule Babu alifariki, akaacha picha moja tu, ndogo ya pasipoti. Bibi aliileta dukani imefundikwa kwenye pindo la khanga.

"Ikuzeni," alisema. "Naanza kumsahau."

Tukaiskani, tukaifungua kwenye programu ya kuchorea. Kila tulipoivuta, uso wa Babu ukageuka miraba ya kijivu. Bibi akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyu ni mume wangu au ukuta wa matofali?"

Dada Hawa akacheka, kisha akanieleza. Picha ile ni vitone, kama punje za mahindi kwenye ungo. Ukiikuza, punje haziongezeki, zinanenepa tu. Lakini mstari unaouchora mwenyewe, mashine hukumbuka njia yake; hata uukuze ukubwa wa nyumba, hauchakai. Basi picha ikae chini, tuchore juu yake.

Kazi akaniachia mimi. Siku tatu nilifuata pua, nyusi, ukingo wa kofia. Kidevuni palikuwa na doa. Nikadhani ni uchafu wa karatasi, nikaliruka. Nilipoiondoa picha ya chini, mchoro ukabaki safi kama yai. Nikajiona fundi.

Bibi aliutazama.

"Kijana mzuri," alisema taratibu. "Ila simjui."

Machozi yakanilenga. Dada Hawa akairudisha picha chini ya mchoro. "Usiniulize mimi," aliniambia. "Muulize aliyeishi naye."

Nikamuuliza Bibi, doa moja baada ya jingine. Lile la kidevuni lilikuwa kovu la msumeno, alilolipata Babu akipasua mbao msituni Shume. Alikuja na wazee wake kuposa, kidevu kimefungwa kitambaa.

"Baba akauliza, 'Huyu mgomvi?' Nikajibu mimi kutoka jikoni: 'Mchapakazi!' Nilichapwa siku hiyo."

Nikalichora kovu. Bibi akaweka kiganja kwenye kioo.

"Kumbe uko hapa," alisema.

Siku hizi binti yangu hujipiga picha hamsini kabla ya chai, na simu inamsafisha uso bila kuombwa. Ananionea huruma kwa utoto wetu wa shida. Juzi nilimuuliza kama anajua hii alama juu ya jicho langu niliipataje.

Akaniangalia kwa mshangao. "Mama, kwani una alama?"