Misa ya Mtoto Asiye na Kaburi

Kwetu Bunia, ukitaka misa ya marehemu wako, shirika lako kwanza likushuhudie kwa padri. Shirika ni majirani tu: tunakutana Jumatano jioni nyumbani kwa mmoja wetu, tunasoma Maandiko, tunaimba, tunatawanyika. Usipohudhuria, siku ya kilio utapika mwenyewe na kulia mwenyewe. Sikuona ubaya wa sheria hiyo mpaka ilipomshika yaya, dada yangu mkubwa.

Mtoto wake wa pekee alikuwa dereva wa pikipiki. Alipeleka samaki wa Tchomia sokoni Komanda, na safari moja hakurudi. Wenye malori walisema watu wa mapanga walitoka msituni. Pikipiki ilionekana kando ya barabara, imeungua. Yeye hakuonekana, wala hakuna aliyethubutu kuingia msituni kumtafuta. Yaya alibaki na ombi moja: misa, jina la mtoto litajwe altareni.

Kiongozi wa shirika letu, mwalimu mstaafu, alipenda utaratibu kuliko malaika wenyewe.

"Mama anakuja, ni kweli," aliniambia juu ya yaya. "Lakini hasemi Neno. Mukristo wa kunyamaza, miye nitamushuhudia nini kwa padri?"

Kusema Neno ni hivi: baada ya somo tunanyamaza, kisha kila mmoja anataja polepole, mara tatu, neno lililomgusa. Hakuna kuuliza wala kubishana. Zamu ya yaya ikifika, alitazama mkeka mpaka jirani akaendelea. Nilimsihi aseme lolote, hata "Bwana" tu, apate misa yake.

"Nimudanganye Mungu, na ye anajua?" alinijibu.

Jumatano moja tulisoma barua ya Mtume kwa Warumi, pale anapoeleza kwamba imani ya Abrahamu ilihesabiwa kuwa haki. Mwalimu akafafanua kwamba hata mwovu, akiamini, Mungu anaweza kumhesabia haki. Nilikasirika. Niliwafikiria wale wa mapanga, wameshiba mahali fulani, pengine nao wanaamini, na rozari shingoni. Haki gani hiyo inayowatanguliza wao na kumwacha mama mkekani?

Tukanyamaza. Zamu ikamfikia yaya, na safari hii akafungua kinywa. Alitaja jina la mtoto wake. Akalirudia. Akalirudia tena.

"Mama," mwalimu alisema kwa upole, "hiyo neno haiko mu somo."

"Haiko?" Yaya hakuinua sauti. "Mutoto yangu aliamini tangu ubatizo. Asubuhi ile alifanya alama ya musalaba mbele ya kupanda pikipiki yake. Kama imani inahesabiwa, jina yake iko humo. Tafuta muzuri, mwalimu."

Mwalimu alivua miwani yake, akaishika tu. Zamu ilikuwa ya mjane aliyekaa karibu na yaya. Nilidhani ataturudisha kwa Abrahamu. Akataja jina la mume wake, mara tatu. Aliyemfuata, mkimbizi kutoka vijiji vya Djugu, alitaja majina mengi mpaka sauti ikamkatika, naye hakuharakishwa. Mwalimu alipofikiwa, alitaja jina la msichana ambaye hatukuwahi kumsikia. Kisha akafunga Biblia, na hakuna aliyekumbuka kuimba.

Kesho yake alikwenda kwa padri akasema mama amesema Neno. Hakuongeza kitu.

Jumapili ya misa, yaya alikaa benchi la mbele, amevaa kitenge alichovaa siku ya ubatizo wa mtoto wake. Padri alianza kusoma majina ya marehemu. Yaya aliinama mbele, kiganja nyuma ya sikio. Jina lilipita katikati ya mengine, na nusura linipite hata mimi.

"Amemutaja mbio," yaya aliniambia.

Nilitaka kumkasirikia padri. Lakini alikuwa bado anasoma majina, na hajafika hata katikati ya karatasi yake.