Nailoni za Mkate Zilivyonipeleka Hamugembe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke kabla sijamaliza. Nilikwenda Bukoba kugombana kwa ajili ya ng'ombe.

Miaka ile vita vya mpakani vilikuwa vimeshapita, na ukimwi, ule ugonjwa tuliouita Juliana, ulikuwa umenichukulia watoto wawili. Wajukuu walioniachia waliishi kwa maziwa ya ng'ombe wangu. Ng'ombe mmoja akafa. Tulipompasua tukakuta tumboni nailoni za mkate wa Deodati, mwokaji wa Hamugembe pale mjini Bukoba, zimejisokota kama kamba. Akabaki ng'ombe wangu Bihogo peke yake, naye alipenda harufu ya mkate kuliko mtoto wa shule.

Alfajiri nikapanda lori la kahawa pale kijijini kwetu Izigo, nikakaa juu ya magunia. Zile nailoni nilikuwa nimezifunga kwenye jani la mgomba.

"Bibi, umebeba samaki?" dereva akaniuliza.

"Nimebeba mali ya mtu. Namrudishia."

Hamugembe nilifika jua limeshawaka. Deodati, unga mpaka kwenye nyusi, akanikaribisha vizuri, akaniwekea kahawa ya kutafuna, zile buni zilizokaushwa. Sikuigusa. Nikafungua mzigo mbele yake, nikamweleza habari ya ng'ombe.

"Pole, Mama waitu. Lakini watu nimeshawaomba wasizitupe. Anayependa anirudishie."

"Ng'ombe wangu hakupenda."

Kando kulikuwa na kreti za soda. Nikataka soda moja, niondoke nayo.

"Chupa tupu iko wapi, Mama?"

"Nitaleta nikipenda."

"Aa, haiwezekani! Kiwanda kinadai chupa zake."

"Na wewe una kiwanda. Dai nailoni zako."

Mkewe akacheka kule kwenye tanuri. Deodati alikuwa anaitazama kahawa tu. Kwetu mgeni akiikataa kahawa yako, majirani hujua kabla hajafika barabarani.

"Tafuna basi, Mama. Nitakuja kuziokota mwenyewe, kila nikileta mkate Izigo."

Nikatafuna mbili.

Jioni, Izigo, balozi wetu wa nyumba kumi aliifurahia ahadi ile. Mimi sikuifurahia. Na kweli, mara ya kwanza Deodati aliokota. Mara ya pili mgongo ukamwuma. Balozi akakasirika, akaweka amri: mkate haushuki garini kabla nailoni za zamani hazijapanda. Mgongo ukapona siku ileile.

Nilichojifunza ni hiki: hiari ina mgongo mbovu, na dawa yake ni amri.

Nyumbani kwangu nikawawekea wajukuu amri yangu: "Bihogo asifunguliwe kamba mpaka Deodati apite. Akichoka kuinama, mpeni kahawa atafune. Akimaliza kutafuna, aendelee kuinama."