Nukta ya Njano Nyuma ya Kilima

Pale uwanja mdogo wa ndege walimwita Fundi Macho, maana kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kuhakikisha rada inaona. Mtambo ule aliujua nje ndani. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: droni za hospitali, zile zinazopeleka damu kwenye zahanati za mbali, zikipita nyuma ya kilima rada ilikuwa haizioni. Kwa hiyo ziliruhusiwa kuruka tu wakati hakuna ndege angani, na wagonjwa wakabaki kungoja.

Fundi Macho akatafuta dawa: kisanduku cha kunasa mawimbi ya droni, kikae upande wa pili wa kilima. Huko, paa refu lenye umeme lilikuwa moja tu, la mama mkwe wake.

"Mwanangu, hicho kidude hakitanimalizia umeme?"

"Hakifikii hata taa ya chooni, mama."

"Haya, kifunge. Ila redio yangu kisiiguse."

Siku ya majaribio, mkaguzi wa usalama wa anga akaketi mbele ya skrini, kalamu mkononi. Nukta ya kijani ilikuwa ndege ya abiria ikija. Ya njano, droni. Mambo yakaenda kama maji. Mara nukta ya njano ikazimika.

Mwongoza ndege hakubabaika. Akamwambia rubani abaki juu, akamwamuru mrusha droni aitue upesi. Fundi Macho akampigia simu mama mkwe.

"Mama, umechomoa kitu ukutani?"

"Kidogo tu, napiga pasi gauni. Si umenialika nije nikuone kazini?"

"Mama, nakuomba, rudisha! Njoo hata gauni likiwa na makunyanzi!"

Nukta ikarudi. Chumba kizima kikaangua kicheko, mkaguzi akafuta machozi.

"Nilitaka kujua kikizimika mtafanyaje," akasema. "Sasa nimeona. Kifungieni betri, nami natia sahihi."

Betri ikafungwa jioni ileile. Wiki iliyofuata droni ilivuka huku ndege ikitua, kila moja na njia yake. Baadaye muuguzi wa zahanati akapiga simu: damu imefika, mzazi ametoka hatarini, na kichanga kinalia kama king'ora. Fundi Macho akaweka sauti ya juu wote wasikie, kisha akamvuta mwongoza ndege mkono, wakacheza koridoni mpaka kiatu kimoja kikamtoka.