Tarakimu Sita za Mama Fomu

"Shangazi, ukijificha hivyo, nani anakutafuta?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa kaka yake, binti wa miaka tisa aliyekalia katoni ya karatasi akitafuna biskuti. Mama Fomu alikuwa anawasha VPN kwenye simu yake, kama kila asubuhi kabla mteja wa kwanza hajaingia.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja tu: kompyuta mbili, benchi la wateja na mashine ya fotokopi iliyokohoa kuliko mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuwajazia watu fomu za mtandaoni, na jina likamganda hapo. Intaneti aliivuta kutoka nyumba ya wageni ya jirani, ile ya bure, na kwa kuwa vyeti vya watu vilipita humo, hakutaka mtu avichungulie. VPN ilimpitisha njia ya siri, mitandao ikadhani yuko nchi ya baridi. Ndiyo maana simu haikuacha kumletea matangazo ya makoti ya manyoya.

"Leo uko wapi, Mama Fomu?" wateja walimtania.

"Niko kwenye theluji, nasubiri koti. Lete kitambulisho."

Walicheka, wakachukua karatasi zao, wakaenda zao.

Nyumbani hakukuwa na wa kumfungulia mlango. Mumewe, dereva wa malori, alifariki akamwachia sauti: jumbe arobaini na moja alizomrekodia akiwa njiani, zote ndani ya programu ya kuchati kwenye simu yake. Hazikuwa na jambo kubwa. "Nimefika mzani, foleni haisogei." "Umekula?" "Lile bomba bado linavuja?" Mama Fomu alizisikiliza akinywa chai, na hiyo ya bomba aliijibu kwa sauti kabisa: bado. Hakuziwekea nakala popote. Hakutaka sauti ya mumewe ilale kwenye kompyuta za watu asiowajua.

Sasa, wateja wengi walikuwa na visimu vya kupigia tu, basi aliwasajili kwa namba yake mwenyewe, iliyoandikwa kubwa mlangoni. Tarakimu sita za kuthibitisha zikiingia, mtu alimpigia: "Mama Fomu, imeingia? Nisomee." Naye alisoma, mara kumi kwa siku, bila hata kuuliza ni nani.

Asubuhi moja alipokea simu huku kikohozi kimembana. Upande wa pili alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu.

"Shikamoo, Mama Fomu. Pole na kifua. Umekunywa kitu cha moto?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekunywa chai."

"Weka na tangawizi. Unaishi na nani hapo, hawakuoni unavyokohoa?"

"Niko mwenyewe."

"Basi jitunze. Kuna namba imeingia kwako, nisomee nimalizie fomu yangu."

Akamsomea, moja moja, kama mwalimu wa imla. VPN ilikuwa imewaka vizuri tu.

Chai haijapoa, akaunti yake ya kuchati ikawa mikononi mwa mwizi, anaomba ndugu zake hela ya hospitali kwa jina lake. Kaka mtu alipiga simu akihema. Mama Fomu alichanganyikiwa, akafanya alichowaambia wateja siku zote simu zao zikigoma: futa programu, weka upya. Akafuta.

Baada ya wiki moja akaunti ilirudi. Sauti hazikurudi. Alikaa na kikombe akaitazama simu, na bomba likaendelea kudondosha jikoni.

Miaka ilipita. Binti wa kaka yake, sasa anakaribia kumaliza sekondari, alikuja dukani kubandika tangazo aliloandika kwa kalamu nyekundu: USIMSOMEE MTU NAMBA ILIYOINGIA KWENYE SIMU YAKO. Mama Fomu alimshikia gundi. Tangazo lilipokaa sawa, alifunga chupa ya gundi.

"Uliwahi kuniuliza nani ananitafuta," alisema. "Hakuna aliyekuwa ananitafuta, mwanangu. Yule mwizi ndiye aliyeniuliza kama nimekunywa kitu cha moto. Nilipofika tarakimu ya nne nikashtukia kwamba huyu si mteja wangu. Nikamalizia kusoma ili asikate simu."