Kopo Aliliona, Mkono Hakuuona

Mjomba wake alimwita Injinia. Binti alishamweleza mara mia kwamba anachosoma chuoni ni ubunifu wa vifaa, si uinjinia, na kila mara mjomba alijibu, "Sawa, Injinia," akaendelea kupaka gundi.

Mjomba huyo ni fundi viatu. Amefanya kazi miaka ishirini na mbili kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa duka la vioo, na watu wa mtaa walizoea kumwachia kiatu asubuhi na kukipitia jioni bila kuuliza kama kimekwisha. Kisha kiharusi kikampiga akiwa amesimama kwenye foleni ya maji. Ulimi ulirudi, mguu ukarudi kwa shida, mkono wa kulia ukagoma. Tangu siku hiyo unaning'inia tu, na akikaa huulaza pajani kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake.

Katika mwaka wa tatu wa masomo, mpwa wake alitakiwa abuni kifaa kwa ajili ya mtu mmoja anayemfahamu, akijaribishe kwa huyo mtu, akipigie picha moja kubwa ya maonyesho, halafu aandike tafakuri ya kazi nzima. Hakuhangaika kutafuta mtu. Alibuni kibano cha mbao na chuma kinachoshika kiatu kwa kanyagio la mguu, ili mkono wa kushoto ubaki na kazi moja tu, sindano. Kwa miezi minne alishinda kibandani na daftari lake, akiuliza maswali ambayo mjomba hakuwahi kuulizwa maishani: unashikaje, unavutaje, unachoka wapi. Kibano cha kwanza kilifyatuka na kurusha kiatu cha mteja hadi barabarani.

"Injinia, nilisema kibane. Sikusema kitupe."

"Springi imezidi nguvu kidogo tu, mjomba."

"Kidogo? Nenda kamwambie yule mwenye baiskeli kwamba ni kidogo."

Cha saba kilikubali. Siku mjomba aliposhona soli nzima bila kumwita mkewe aje kumshikia, hakutoa hotuba. Alikata uzi kwa meno, akakigeuza kiatu huku na huku, akauliza, "Nani anafuata?" Mpwa alitoka nje ya kibanda, akajifanya anatazama vioo.

Ikabaki picha.

Mhadhiri wao wa upigaji picha alikuwa mtu wa kanuni. Alisema jicho huingia kwenye picha kutokea kushoto, na kazi ya mpiga picha ni kulipokea na kulipeleka mahali. Picha aliyoichagua mpwa ilikuwa na karibu kila kitu: mwanga wa asubuhi, uso ulioinama, uzi uliovutwa ukanyooka kama mstari wa rula. Kasoro ilikuwa moja. Mjomba alikaa akiielekea kamera, kwa hiyo jicho lililoingia kutokea kushoto lilikutana kwanza na ule mkono uliolala. Alijaribu kuukata kwenye ukingo, picha ikabanwa. Akabonyeza kitufe kimoja kwenye kompyuta, picha ikageuka, kulia kukawa kushoto, na mara kila kitu kikakaa. Sasa jicho lilianzia kwenye sindano, likapanda na uzi, likafika usoni.

Akaikagua pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa. Akagundua kwamba maandishi kwenye kopo la rangi ya viatu yanasomeka kinyumenyume. Alitumia saa nzima kulifuta kopo lile, punje kwa punje, hadi isijulikane kama liliwahi kuwepo. Kopo aliliona. Mkono hakuuona.

Siku ya kwanza ya maonyesho mjomba alifika ukumbini na mkewe. Shati lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na vifungo alikuwa amefungiwa. Picha ilikuwa kubwa, karibu kimo cha mtu.

"Makubwa! Mume wangu mzuri namna hii, na mimi nafichwa!" mkewe akasema, na watu waliokuwa karibu wakacheka. Lakini yeye ndiye aliyezoea kumtazama usoni kila siku, na yeye ndiye aliyeshtuka kwanza. Akasogea. Akasema kwa sauti ya chini, "Mbona hapa anashona na wa kulia?"

Mjomba akatazama. Alitazama kwa muda. Mpwa naye akatazama, kama mara ya kwanza, na sasa mkono akauona.

Kabla hajasema chochote, mtahini kutoka chuo kingine akafika kwenye meza yao. Alikuwa mama mwenye miwani ya kamba, asiye na haraka. Alisoma maelezo mara mbili.

"Umeandika kwamba mkono wake wa kulia umepooza."

"Ndiyo, mama."

"Kwenye picha wa kulia unashona, wa kushoto umelala. Sasa hiki kifaa kilitengenezewa nani?"

Mpwa alifungua mdomo.

"Hiyo picha ya zamani," mjomba akadakia. "Kabla sijaugua. Nilikuwa hivyo hivyo unavyoniona."

Mtahini aliinua macho. Katikati ya picha ya zamani, kikiwa kimebana kiatu, kilikuwepo kibano kilichobuniwa kwa sababu mjomba aliugua. Mama yule aliandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Asante, mzee," akaenda meza ya pili.

Alikwenda polepole. Zilikuwa hatua sita au saba, na katika kila hatua mpwa angeweza kumwita. Aliangalia viatu vyake mwenyewe. Alimwacha mgonjwa amdanganyie mbele za watu, tena uongo usiosimama hata kwa miguu miwili.

Kesho yake asubuhi alikwenda kibandani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Injinia. Leo kamera umeiacha?"

"Nimekuja kuomba radhi. Ule uongo..."

"Ule ulinitoka tu. Usiubebe wewe, wangu huo."

"Na picha. Niliigeuza ili ipendeze. Sikuwaza kabisa."

"Najua hukuwaza. Ungewaza ningekuchapa." Alikanyaga kanyagio, kiatu kikabanwa, akapitisha sindano. Alipofika mwisho wa mshono ndipo akasema, bila kuinua kichwa, "Unajua kilichoniuma? Nilipouona ule mkono nilifurahi. Kitambo kidogo, kama pumzi mbili. Nikasema, kumbe unafanya kazi! Mtu mzima na akili zangu. Nikataka kuukunja, haukukunjika."

Mpwa hakupata mahali pa kuweka macho. Kila alipoyapeleka, mkono ulikuwepo.

"Nitaitoa leo hii, mjomba. Naenda kuishusha sasa hivi."

"Ukiishusha nani atajua? Utakuwa umefuta tena. Iache pale. Andika chini yake ulichofanya, kisha simama hapo hapo uulizwe. Mimi umeniuliza miezi minne, sikukimbia."

Akaandika. Kwanza ukurasa mpya wa tafakuri, akampelekea mtahini kwa mkono wake. Kisha karatasi moja ya kubandika chini ya picha: *Picha hii imegeuzwa na mpiga picha. Fundi huyu anashona kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haufanyi kazi.* Maonyesho yalikuwa na siku tatu zaidi, na yeye alisimama hapo.

Wengi walisoma wakapita. Wa kwanza kuuliza alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, kalamu mkononi, mwenye hamu ya kujifunza.

"Dada, kwa nini uliigeuza?"

Alikuwa ameandaa jibu, lenye jicho, upande wa kushoto na mpangilio. Lilikuwa jibu zuri, na mhadhiri angelipenda. Akaliacha.

"Mkono wake mbovu ulikuwa unaniharibia picha," akasema.

Kijana alimtazama, akaitazama picha, akaifunga kalamu yake. Nyuma yake mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anamalizia kusoma ile karatasi, midomo ikimcheza. Alipofika mwisho, naye akauliza kwa nini, na mpwa akalisema tena jibu lile, neno kwa neno, wala halikuwa jepesi kuliko mara ya kwanza.