Anayelia Anapumua

Mhudumu wa ambulensi ya kituo cha afya ana kanuni moja, na kwa kanuni hiyo ametukanwa na watu wazima wenye akili zao: akifika kwenye ajali, humpita anayepiga kelele na kumwendea aliye kimya. Anayelia anapumua, husema. Lakini nani anamsikiliza? Watu humpepea anayelia, na aliye kimya wanamwacha eti apumzike.

Asubuhi hiyo lori lilipinduka kwenye kona ya changarawe, mwendo wa saa mbili kutoka hospitali. Dereva wa ambulensi, aliyebatizwa Kobe kwa kuwa hajui breki ni kitu gani, alifika upesi. Mhudumu akaruka na mkoba wake. Sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya mdogo wake, tumbo moja.

"Dada! Mguu wangu! Nakufa!"

Akautupia mguu jicho: umevunjika, damu si nyingi, vidole vinacheza. Akampita.

"Ndugu yako wa damu!" mama mmoja akamfokea. "Una roho gani wewe?"

Abiria mmoja, mwanamke asiyemjua, alilala kimya kando ya lori, midomo imebadilika rangi. Mhudumu akamwinua taya, akamfuta damu kinywani. Pumzi ikaja kwa kukwaruza. Paja lilikuwa likivuja damu, akalikaza kwa mkanda mpaka damu ikakatika. Ndipo akarudi kuufunga mguu wa mdogo wake kwa mbao, akiyakwepa macho yake.

Gari lina kitanda kimoja. Mguu ungeweza kusubiri, hata kama ungepona kombo; pumzi ya yule mwanamke isingesubiri.

"Kwenda na kurudi ni saa nne, dada!"

"Ndiyo, saa nne."

"Mama nimwambie nini?"

"Mwambie nimekuacha kwa sababu una nguvu za kunitukana."

Njia nzima alilia waziwazi, mkono ukiishikilia taya ya mgeni. Hospitalini wakampokea akiwa hai, wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Mhudumu hakunywa hata maji. Akamwambia Kobe ageuze.

Kwenye kona walimkuta mama yake, aliyeletwa na pikipiki, amemshikia mwanawe mwavuli juani. Hakuitikia salamu.

"Yule mwanamke?" akauliza.

"Yuko hai, mama."

Mama akafunga mwavuli, akashika ncha moja ya kitanda alichokishusha Kobe.

"Basi inua. Umechelewa."