Nyakio Asiyejua Kungoja

Nyakio Muigai hakuwahi kungojea chai ichemke. Aliepua sufuria majani hayajatoa rangi, akanywa akiwa amesimama, kisha akauliza kwa nini chai ya nyumba hii haina ladha. Mama yake, Wangeci, alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa kabla ya siku zake na tangu hapo hajapunguza mwendo.

Sasa mwone mtu wa namna hiyo akiambiwa akae nyumbani karibu miaka miwili. Ndivyo mambo yalivyokuwa Kenya miaka hiyo ya elfu mbili na kitu: unafaulu kidato cha nne, unaitwa chuo kikuu, unashangiliwa, halafu unangoja zamu yako ya kuingia darasani. Nyakio aliitwa kusomea udaktari wa mifugo. Kijiji chao kizima cha Mutuini kilipata habari. Baba yake, mzee Muigai, alichinja mbuzi, mchungaji akaomba, na mashangazi wakapiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Kesho yake Nyakio aliamka, akafagia uwanja, akakaa.

Ili asishikwe na wazimu alitafuta kibarua mtaani Kileleshwa, Nairobi, kwenye kliniki ya mbwa na paka ya Daktari Harleen, mama mmoja wa Kisikh aliyependa utani. Kazi yake ilikuwa kupiga deki na kushika wagonjwa wasimng'ate daktari. Alishika, lakini macho yalikuwa kwenye sindano ikipita na kurudi, na vidole vyake vikamwasha.

"Daktari, hii yote ulisoma miaka mingapi?"

"Mitano. Wa kwanza wote nililia."

Nyakio akajumlisha: miwili ya kungoja na mitano ya kusoma. Akaona atatoka huko amezeeka.

Upande wa pili alikuwapo Kilonzo, mtu wa pikipiki na gambuti aliyetibu ng'ombe wa Mutuini. Yeye hakupitia chuo kikuu, alikuwa na cheti cha afya ya wanyama. Watu walimwita daktari hata hivyo, naye hakuwa na makuu.

"Kuja ufanye cheti, dada," alimwambia. "Miaka miwili hivi uko nje, unafanya kazi. Hao wa chuo kikuu bado watakuwa wanatafuta kitanda kwa hosteli."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Aliomba nafasi ya cheti, akapata, akatakiwa kuripoti Jumatatu. Mzee Muigai aliposikia aliweka kikombe chini polepole.

"Mimi nilichinja mbuzi ya daktari," alisema. "Siwezi kuchinja ingine ya kuomba watu msamaha."

Walinuniana wiki nzima. Nyakio akafunga sanduku lake hivyo hivyo, akaliweka karibu na mlango ambapo kila mtu alilazimika kulikwepa.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, Rozi, ng'ombe wao wa pekee, alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Miguu miwili ya ndama ilitokeza, kisha basi. Mutuini ndama akikwama, wanaume huitana, hufunga kamba miguuni na kuvuta pamoja, na anayehesabu "moja, mbili" ndiye mkubwa wao siku hiyo. Aliyehesabu alikuwa mzee Zedekiah wa nyumba ya pili.

"Ngojeni kwanza!" Nyakio alipiga kelele. "Kichwa kiko wapi?"

Wangeci aligeuka kumtazama. Nyakio kumwambia mtu angoje! Hilo halijawahi kusikika.

"Msichana, sisi tulivuta ndama kabla baba yako aoe," Zedekiah alijibu, akaendelea kuhesabu.

Wakavuta mpaka Rozi akapiga magoti, akalala. Hapo ndipo mzee Muigai akampigia Kilonzo simu, na Kilonzo akafika chai haijapoa. Akaosha mkono kwa sabuni mpaka begani, akaingiza, akafumba macho. Alitafuta kwa muda mrefu, jasho likimtiririka.

"Kichwa kimekunjika nyuma," alisema mwishowe. "Ndama ameshakufa. Na vile mmevuta, amejibana kabisa. Huyu mama anataka kupasuliwa, na mimi sina ruhusa ya kupasua. Wala sijui. Nikijaribu nitamuua."

Daktari wa ng'ombe aliyemjua alikuwa mbali, Limuru. Nyakio akampigia Daktari Harleen.

"Niko na mbwa hapa mezani, tumbo wazi," Harleen alisema. "Nikimaliza kumshona nakuja. Sijapasua ng'ombe tangu chuo, lakini nakuja."

Wakangoja. Nyakio alienda langoni, akarudi zizini, akaenda tena, mpaka njia iliyolowa mvua ya usiku ikawa tope. Kilonzo alikuwa ameketi juu ya ndoo, akimpapasa Rozi shingoni.

"Wewe hufanya nini ikifika hapa?" Nyakio aliuliza kwa ukali.

"Nakaa naye."

"Na inakutosha?"

Kilonzo alifikiri. "Inanitosha, dada. Kesho kuna wengine wengi wenye shida ile naweza. Hao ndio wangu."

Alisema kweli, na ilionekana usoni kwamba hulala vizuri. Nyakio akamwonea wivu, akamkasirikia, kisha akajikasirikia mwenyewe. Alimwangalia Rozi anayehema, akahisi mikono yake miwili inaning'inia tu, mizima, isiyo na kazi. Alitaka kulia.

Gari la Harleen lilifika limejaa tope hadi vioo. Aliruka akiwa na mkoba, akapiga magoti, akaweka kipimo kifuani pa Rozi. Akasikiliza upande huu, akasikiliza ule. Mkoba hakuufungua.

"Pole," alimwambia mzee Muigai. "Pole sana, mzee."

Jumapili wakanywa turungi, maana maziwa ya nani? Mzee Muigai alizungusha kikombe chake, akalitazama lile sanduku mlangoni.

"Nimefikiria," alisema. "Kesho nitakubebea hiyo sanduku mwenyewe. Kilonzo alifika. Daktari hakufika kwa wakati. Soma kama Kilonzo, ukuwe karibu na watu."

Wangeci alishusha pumzi. Amani ilikuwa imerudi nyumbani. Nyakio ndiye aliyeinuka, akalivuta sanduku kutoka mlangoni hadi chumbani, akarudi kuketi.

"Kilonzo alifika, baba, akafanya yake yote. Halafu akakaa kwa ndoo. Yeye anaweza kukaa. Mimi siwezi. Nitaenda chuo kikuu."

Mzee alimtazama binti yake kama mtu anayeogopa kuamini. "Na hiyo miaka ya kungoja? Wewe, ambaye hata chai inakushinda?"

Nyakio alitazama zizi kupitia mlango uliokuwa sasa wazi.

"Nitangoja vibaya, baba," alisema. "Lakini nitangoja."